Pasipoti si ya Tanzania, na unataka kiwanja Karatu

Ukipandisha mlima kutoka Mto wa Mbu, ukapita Rhotia na kuingia Karatu mashamba yakiwa yamekolea kijani, swali la kwanza linalokuja mdomoni ni bei. Ekari moja hapa inakwendaje? Dalali atakuwa na jibu kabla hujamaliza kuuliza, na jioni hiyohiyo atakuwa amekuonyesha vipande vitatu: kimoja karibu na lami, kimoja chenye mwonekano wa msitu wa Ngorongoro, kimoja "cha mama mjane anayeuza kwa shida".

Kwa mtu asiye raia wa Tanzania, swali la bei linakuja baadaye. Kwanza uliza ardhi hiyo ni ya aina gani, kisha uulize sheria inakuruhusu kuishika kwa njia ipi. Ukishapata majibu hayo mawili, huenda ukagundua kwamba vipande vyote vitatu ulivyoonyeshwa huwezi kuvinunua hata kimoja. Hilo si baya. Haki ndogo iliyosajiliwa kwa jina lako ni bora kuliko shamba zima lililoning'inizwa kwenye jina la mtu mwingine. Makala hii inaeleza kwa nini, na namna ya kuipata haki hiyo ndogo bila kupoteza fedha.

Nani ni mgeni mbele ya sheria ya ardhi?

Watu wengi hudhani sheria hii inamlenga Mzungu wa safari peke yake. Mkenya wa Nakuru mwenye kuongea Kiswahili kuliko sisi ni mgeni. Mganda ni mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilifungua milango mingi, lakini suala la ardhi iliiachia kila nchi na sheria zake. Kampuni iliyosajiliwa Tanzania, ikiwa hisa zake nyingi ziko mikononi mwa wasio raia, nayo ni mgeni, hata kama ofisi yake iko Arusha mjini na wafanyakazi wake wote ni wa hapahapa.

Kundi linaloumia zaidi ni la watoto wetu. Mtu amezaliwa Endabash, amesoma, amekwenda Marekani, amechukua uraia wa huko. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku aliyokula kiapo kule alipoteza uraia wa huku, na pamoja nao haki ya kumiliki ardhi kama raia. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na ardhi ni sehemu ya mambo yaliyoguswa. Kama uko kwenye kundi hili, anza kwa kuomba hadhi hiyo. Usinunue kwanza ukitumaini kuja kuhalalisha baadaye.

Tanzania haiko peke yake katika hili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inampa mgeni umiliki wa kupanga tu, usiozidi miaka 99. Uganda nayo humpa mgeni upangaji, haimpi umiliki wa kudumu. Tofauti ni kwamba Tanzania inauliza jambo moja zaidi: unaitaka ardhi kwa kazi gani?

Aina tatu za ardhi, na mahali zilipo

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zinaigawa ardhi katika mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hata raia anapewa hakimiliki, yaani haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Muda wa juu wa hakimiliki inayotolewa na serikali ni miaka 99.

Ardhi ya hifadhi ndiyo rahisi kueleza. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292 zilizotengwa mwaka 1959, lina sheria yake na mamlaka yake. Ndani ya lango la Loduare hakuna kiwanja cha kuuza, wala hakuna boma la Mmasai ambalo mgeni anaweza kununua "kipande kidogo cha kambi". Hoteli zilizoko ukingoni mwa kreta zipo kwa makubaliano na mamlaka ya hifadhi. Mtu akikuletea karatasi ya mauzo ya ardhi ya Nainokanoka au Endulen, usijadiliane naye bei.

Nje ya hifadhi, upande wa Loliondo na Sale, kuna vijiji, lakini huko nako kuna mgogoro mzito. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa mipaka na kugeuzwa pori la akiba la Pololeti, na kesi zikafuata. Agosti 2024 tangazo la serikali lililofuta vijiji na kata kadhaa za ndani ya hifadhi yenyewe lilisimamishwa na Mahakama Kuu Arusha. Mahali ambapo wenyeji wenyewe wamelazimika kwenda mahakamani kutetea ardhi na vijiji vyao, karatasi ya mgeni haina pa kusimama.

Karatu ndiko ardhi inakotembea mikononi mwa watu, na sehemu kubwa yake ni ardhi ya vijiji. Huko msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, na mwenye neno kubwa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wanakijiji hushika hakimiliki ya kimila, iwe wana hati au hawana. Mgeni hawezi kupewa hakimiliki ya kimila. Ili ardhi ya kijiji imfikie mwekezaji wa nje, lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla: kijiji kijadili, mkutano mkuu uamue, tangazo litoke, fidia ilipwe. Eneo likizidi hekta 250 uamuzi unapanda hadi kwa waziri. Hiyo ni kazi ya miezi, mara nyingi ya miaka, wala haifanyiki na dalali chini ya mwembe.

Ardhi ya jumla iko mjini Karatu, kwenye viwanja vilivyopimwa, na kwenye baadhi ya mashamba makubwa ya kahawa upande wa Oldeani ambayo yana hati tangu ukoloni. Historia ya mashamba hayo inafundisha. Walowezi wa Kijerumani walilima kahawa huko kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipoanza mwaka 1939 serikali ya Kiingereza iliwakamata wengi na kuyachukua mashamba kama mali ya adui. Sheria ya mwaka 1999 nayo ilitamka kwamba, kwa hesabu ya fidia, ardhi iliyopatikana na wasio raia kabla yake ihesabiwe haina thamani, isipokuwa maendelezo yaliyofanywa juu yake. Mbele ya sheria hiyo, mgeni anahesabiwa alichojenga na alichopanda. Udongo wenyewe si wake. Piga hesabu zako kwa msingi huo.

Jina la kukopa

Sasa tuje kwenye njia ambayo kila mgeni huambiwa wiki ya kwanza: "Weka kwa jina la rafiki yako, mambo yaishe." Rafiki anaweza kuwa mwongoza watalii, mchumba, mlinzi wa muda mrefu, hata mchungaji. Fedha ni za mgeni, jina ni la mwenyeji, na pembeni wanaandikishana mkataba kwamba mali hasa ni ya fulani.

Mkataba huo wa pembeni ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu una sahihi, una mhuri wa wakili na umeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Lakini Sheria ya Mikataba haisimamii makubaliano yenye lengo la kukwepa sheria nyingine. Siku mtakapogombana, utakwenda mahakamani na ushahidi unaoonyesha kwamba ulijaribu kufanya jambo lisiloruhusiwa.

Na ugomvi si lazima. Rafiki anaweza kuwa mwaminifu kuliko ndugu yako, akafariki. Warithi wake hawajui habari za mkataba wa pembeni. Wanajua baba ameacha nyumba yenye vyumba sita njia ya Tloma. Au ndoa yake inavunjika, na mke anadai sehemu yake katika mali iliyo kwa jina la mume. Au anaweka hati rehani benki ili alipe matibabu ya mama yake, akikusudia kwa moyo safi kuikomboa kabla hujarudi. Katika hali zote tatu hakuna mwizi, lakini nyumba imekwenda.

Nawe mwenyeji unayeombwa jina lako, sikiliza. Hati ikiwa kwa jina lako, kodi ya pango la ardhi inadaiwa kwako, na mamlaka ya mapato, TRA, ikiuliza fedha za ujenzi ulizitoa wapi, wa kujibu ni wewe. Mgeni akiingia kwenye biashara isiyo na leseni ndani ya nyumba ile, mwenye nyumba ni wewe. Ukipewa asante ya milioni mbili, jiulize kama milioni mbili zinatosha kubeba mzigo huo kwa miaka 20.

Ndoa ya kweli ni habari nyingine. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mtanzania hawi mmiliki wa ardhi kwa sababu ya cheti, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mchango wa kila mwanandoa katika mali ya pamoja, na nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Weka risiti za mchango wako, na hakikisha ofisi ya ardhi inajua kuwa hiyo ni nyumba ya wanandoa.

Njia zilizo wazi

Ya kwanza, na inayowafaa wengi, ni kupanga nyumba. Mgeni anaweza kupanga nyumba ya kuishi kama mtu mwingine yeyote. Huku malipo ya mbele ya miezi sita au mwaka ni ya kawaida, kwa hiyo kaa kwanza miezi sita kabla ya kuahidi muda mrefu zaidi. Andikeni mkataba, hata kama mwenye nyumba ni mzee anayesema neno lake linatosha. Utaje nani anatengeneza paa, nani analipia maji yanapokatika na boza linapoitwa, na notisi ni ya muda gani. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo pango liandikwe kwa shilingi. Kampuni ikipanga jengo, izuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mkataba wa miaka mingi usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Usiposajiliwa, mnunuzi mpya wa nyumba anaweza kukuambia hakujui.

Ya pili ni uwekezaji. Kama unataka kujenga lodge, kiwanda cha kukausha mboga au shamba la maua, unaomba kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kwa miaka mingi ofisi hiyo ilijulikana kama TIC. Kwa sheria ya mwaka 2025 iliunganishwa na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, ikawa TISEZA. Mamlaka ndiyo hushika hakimiliki, wewe unapewa hakimiliki isiyo asilia kutoka kwake, kwa muda usiozidi wa hakimiliki mama. Muda ukiisha, ardhi inarudi kwa mamlaka. Chini ya Sheria ya Uwekezaji ya 2022, mtaji wa chini wa mgeni kupata cheti ulikuwa dola 500,000 za Marekani, na wa raia dola 50,000. Kwa hiyo yule anayetaka kibanda cha vyumba viwili vya kupokea wageni wa mitandaoni, njia hii si yake.

Ya tatu ni ubia. Marekebisho ya mwaka 2004 yaliruhusu raia kuhamishia sehemu ya haki yake kwenye ubia na mwekezaji aliyeidhinishwa. Hapa raia ni mbia kweli: ana hisa, anahudhuria vikao, anapata gawio. Ukimchukua mbia wa picha tu umerudi kwenye jina la kukopa kwa mlango wa nyuma.

Jambo moja linalochanganya wengi: kupata nyumba au ardhi hakukupi ukaazi. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji kwa sababu zake, na kikiisha unaondoka hata kama mkataba wako wa pango una miaka minne mbele. Muda wa mkataba na muda wa kibali vioanishwe tangu mwanzo. Na Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za uwekezaji; uliyoyasikia kuhusu nyumba za Fumba usiyalete Karatu.

Kuisoma karatasi

Hata ukiwa mpangaji au mbia, itakubidi uhakikishe kwamba anayekupa haki anayo. Karatasi ya kawaida ya vijijini huku ni ukurasa wa kaunta buku. Juu imeandikwa "HATI YA MAUZIANO YA SHAMBA". Inafuata jina la muuzaji na mnunuzi, ukubwa "ekari mbili na robo", kisha mipaka: mashariki korongo, magharibi shamba la mzee fulani, kaskazini njia ya ng'ombe, kusini mstari wa mikatani. Chini kuna sahihi mbili, dole gumba la bluu, mashahidi watatu, na mhuri wa duara wa Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji.

Itazame taratibu. Mhuri wa mtendaji unaonyesha kwamba watu hawa walifika ofisini. Hauonyeshi kwamba Halmashauri ya Kijiji iliidhinisha. Omba muhtasari wa kikao, wenye tarehe, mahudhurio na namba ya ajenda. Mahakama zetu zimebatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji kwa kukosekana idhini hiyo. Tafuta sahihi ya mke au mume. Shamba likiwa la urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani; muhtasari wa ukoo peke yake hautoshi. "Ekari mbili na robo" mara nyingi zilipimwa kwa hatua za miguu ya mtu mrefu. Na mpaka wa korongo unasogea: udongo wa Karatu ni mwekundu na mlaini, mvua za masika zinakula kingo kila mwaka, na aliyenunua hadi korongoni leo atakuta korongo limemfuata.

Kiwanja kilichopimwa kina karatasi tofauti: barua ya toleo au hati, ramani ya upimaji, namba ya kitalu na kiwanja. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipie kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, upate majibu kwa maandishi. Majibu yataonyesha mmiliki, rehani na zuio kama lipo. Dai pia risiti za kodi ya pango la ardhi. Nakala ya hati iliyoletwa na dalali kwa WhatsApp haihesabiki kuwa upekuzi.

Kisha uende shambani kwa miguu

Karatasi ikikaa sawa, tembea mpaka wote ukiwa na majirani wa pande nne, mwenyekiti wa kitongoji na mtu mwenye GPS. Majirani wakae mbele, muuzaji abaki nyuma. Wakinyamaza kwenye kona fulani, simama hapo na uulize.

Ukiwa kando ya barabara kuu ya kwenda lango la hifadhi, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara. Ndani yake ni hifadhi ya barabara, na X nyekundu ya wakala wa barabara, TANROADS, kwenye ukuta haijali umejenga kwa gharama gani. Kando ya mto au kijito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60. Karibu na msitu, uliza tembo hupita wapi. Upande wa Mbulumbulu kuna ushoroba wa Upper Kitete na Selela unaounganisha Ngorongoro na bonde la Manyara. Lodge iliyojengwa kwenye njia ya wanyama itapata shida na wanyama, majirani na serikali kwa zamu. Mradi wa hoteli unahitaji cheti cha tathmini ya mazingira kabla ya kuchimba msingi. Na uliza maji. Karatu nzuri ya picha ni Karatu ambayo mabomba yake yana siku zake.

Fedha zije mwisho

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na fedha za ardhi zinahitaji daftari kuliko mali nyingine. Lipa kupitia benki, kwa awamu zinazofuata hatua: kidogo baada ya upekuzi, kingine baada ya idhini, kilichobaki baada ya usajili. Wakili wako awe wako; asiwe yule aliyeletwa na muuzaji kwa kuwa "ni mtu wetu". Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kubalianeni mapema nani anabeba nini, kwa sababu uhamisho hausogei bila vibali vya TRA. Na kama dalali wako naye ni mgeni, jua kwamba amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya udalali wa nyumba na viwanja. Atakayekuambia vinginevyo anaanza uhusiano wenu kwa kuvunja sheria.

Utasikia maneno haya: "Kuna mtu wa Arusha anakuja kesho na hela taslimu." Mjibu kwa heshima, "Basi mzee wangu, yeye atangulie," kisha endelea na upekuzi wako. Ardhi halali haiharibiwi na wiki tatu za kusubiri majibu ya msajili, na muuzaji asiyeweza kusubiri wiki tatu ana sababu ambayo utaijua tu baada ya kulipa. Ukiwa na shaka, panga nyumba mwaka mmoja, ujue majirani, uone kiangazi na masika, halafu ndipo uamue kama bado unakitaka kile kiwanja chenye mwonekano wa msitu.